KUCHAGUA: NENO MOJA, MAANA NYINGI

1. Neno na ndugu zake

Katika lugha yetu yako maneno ambayo kila mtu huyasema kila siku, wala hakuna aulizaye maana yake. Neno kuchagua ni moja katika hayo. Mama aendapo sokoni Tarime huchagua nyanya. Wananchi humchagua mbunge wao kwa kura. Wanafunzi humchagua kiranja. Na baada ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hutolewa orodha ya majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na watoto wengi huitazama kwa moyo wa kudunda.

Neno hili lina ndugu zake. Kuteua ni kuchagua kwa uangalifu mtu au kitu kinachofaa kwa kazi fulani. Ndiyo sababu twasema kwamba Rais amemteua mkuu wa wilaya. Kuchambua ni kutoa kibaya kimoja kimoja kwa vidole, kama tufanyavyo kwa maharage au pamba. Kupepeta ni kurusha nafaka katika ungo ili makapi yaondoke. Kuchekecha ni kupitisha unga katika chekeche, ulio laini ushuke na wishwa usalie juu.

Tazameni, maneno haya yote yana jambo moja ndani yake. Mwanzo vitu vilikuwa vingi na vyenye tofauti. Mwisho vingine vimebaki na vingine vimeondoka. Lakini liko swali moja ambalo somo hili lataka kulijibu, nalo ni hili: Je, kila palipo na uchaguzi, yuko mchaguzi?

2. Bibi na mbegu za ulezi

Tuanze nyumbani. Katika vilima vya Tarime na katika mashamba ya Serengeti watu wamelima ulezi na mtama tangu zamani. Tumfikirie bibi mmoja aliye shambani siku chache kabla ya mavuno, na mjukuu wake yuko nyuma yake akishika kikapu.

"Bibi," mtoto auliza, "mbona waruka masuke mengi, ukakata moja tu hapa na moja kule?"

"Mjukuu wangu, haya si ya kula, haya ni ya mbegu. Nataka suke lililojaa, lililokomaa mapema, na ambalo shina lake halikulala chini kwa upepo. Haya nitayatundika juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Mengine tutasaga."

Bibi huyu ni mchaguzi kwa maana kamili. Ana macho ya kuona, ana kusudi moyoni, naye ajua anachokitaka mwaka ujao. Tena kazi yake haiishi kwa mwaka mmoja. Mbegu za suke lililojaa huelekea kuzaa mimea yenye masuke yaliyojaa, kwa kuwa mmea hurithi sifa za wazazi wake. Mama yake alichagua hivyo, na bibi yake vilevile. Basi ulezi ulioko shambani leo si sawa na majani ya porini ambayo watu wa kwanza walianza kuyalima maelfu ya miaka iliyopita.

Mfugaji hufanya vivyo hivyo. Katika madume yake huchagua moja au mawili ya kupanda majike. Mengine huhasiwa yawe maksai wa kuvuta jembe, au huuzwa. Hivyo ndama watakaozaliwa watakuwa wana wa fahali aliyemtaka yeye.

Angalieni sana mambo matatu yaliyomo hapa. La kwanza, masuke hayakuwa sawa: ilikuwako tofauti. La pili, tofauti hiyo hurithiwa. La tatu, wengine waliachwa wazae na wengine hawakuachwa. Tofauti, urithi, na kuachwa kuzaa: mambo matatu haya yakikutana, kizazi kijacho hakiwi sawa na kilichopita. Yashikeni kichwani, maana tutayahitaji tena.

3. Upepo na chekeche

Sasa mavuno yamekwisha, naye bibi akaa uani akipepeta. Aurusha ulezi juu, upepo wachukua makapi, na punje zarudi katika ungo. Hapa pia pana uchaguzi: punje zimebaki, makapi yameondoka. Lakini je, upepo umechagua? Upepo hauna macho. Haujui ulezi ni nini, wala haupendi punje, wala hauchukii makapi. Kilicho chepesi hupeperushwa, kilicho kizito huanguka, basi.

Chekeche nayo ni vivyo hivyo. Matundu yake hayafikiri. Punje ndogo hupita kwa sababu ni ndogo.

Ni kweli kwamba bibi alikuwapo, naye ndiye aliyeushika ungo. Lakini kazi yenyewe ya kutenga ilifanywa na kitu kisicho na akili. Tumekwisha kuona, basi, kwamba vitu vyaweza kutengwa vizuri kabisa pasipo jicho la kuvitazama kimoja kimoja. Tukilifahamu jambo hili dogo la uani, tutaweza kulifahamu jambo kubwa la wataalamu.

4. Neno la wataalamu

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, walitangaziwa pamoja mjini London fikira moja ambayo kila mmoja aliifikia peke yake. Mwaka uliofuata, 1859, Darwin alitoa kitabu chake kikubwa. Katika sura ya kwanza hakuanza na wanyama wa porini; alianza na wafugaji, hasa wafugaji wa njiwa, jinsi wanavyochagua ndege wa kuzalisha mpaka wakapata njiwa wa namna nyingi. Kisha akauliza: Je, jambo kama hili laweza kutokea porini pasipo mfugaji?

Alijibu kwamba laweza. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wawezao kuishi. Watoto hao hawalingani. Wale ambao tofauti zao zawafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, nao huwarithisha watoto wao tofauti hizo. Jambo hilo aliliita kwa jina ambalo sisi twalisema uchaguzi wa asili.

Jina hilo lilileta taabu. Wasomaji wengi walidhani kwamba Darwin anasema asili ni kama mtu akaaye akichagua. Mwaka 1866 Wallace alimwandikia Darwin barua, akamsihi alibadili neno hilo, maana lawapoteza watu. Darwin alikiri kwamba tukilichukua neno kama lilivyo, si sahihi; lakini akasema kwamba wataalamu wengine nao hutumia maneno ya mifano, na kila mtu huwaelewa. Mwaka 1869 aliongeza kando yake maneno mengine, yaliyobuniwa na Herbert Spencer, yaani kusalia kwa afaaye zaidi. Maneno hayo nayo yakaleta taabu yake, kama tutakavyoona.

5. Nyumbu wa Serengeti

Twende sasa porini kwetu. Katika mbuga za Serengeti na Mara wako nyumbu wapatao milioni moja na laki tatu. Kila mwaka huzunguka wakifuata mvua na majani: huvuka mto Grumeti, kisha mto Mara wenye mamba, kisha hurudi kusini. Huko kusini, karibu na mwezi wa Februari, ndama wao wengi huzaliwa ndani ya majuma matatu hivi.

Kwa nini wazaliwe karibu wakati mmoja? Simba na fisi hawawezi kula ndama wote waliojaa uwandani kwa siku chache. Lakini ndama azaliwaye mapema mno, au aliyechelewa, hukutwa peke yake, naye huliwa kwa urahisi. Tena ndama wa nyumbu husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, kisha hukimbia pamoja na mama yake. Aliyekawia kusimama hakuishi hata akazaa wenye kukawia kama yeye.

Sasa ulizeni swali letu: Nani aliyechagua? Fisi? Hasha. Fisi hakukusudia kuwafanya nyumbu kuwa wepesi. Fisi alitaka nyama tu, na kama angeweza kuchagua, angalipenda nyumbu wazito na wavivu. Nyumbu naye hakufanya shauri na wenzake kwamba wazae pamoja. Ilikuwako tofauti, ulikuwako urithi, na baadhi yao hawakuachwa wazae. Mambo matatu ya bibi yapo yote. Bibi mwenyewe hayupo.

6. Hesabu ya Musoma

Pengine mtasema, "Hayo ni ya wanyama, na ya zamani sana." Basi sikilizeni habari ya watu, tena ya jirani zetu.

Yako maradhi yaitwayo selimundu, ambayo wengi huyaita siko seli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo, hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Mgonjwa hupata maumivu makali na upungufu wa damu. Maradhi haya hayaambukizwi, wala si uchawi, hurithiwa. Kila mtoto hupokea urithi wa damu kutoka pande mbili, kwa baba na kwa mama. Akipokea urithi wa mundu pande zote mbili, atakuwa mgonjwa. Akiupokea upande mmoja tu, kwa kawaida huwa mzima, wala huenda asijue kwamba anao.

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko mwaka 1949. Akaona kwamba urithi wa mundu ni mwingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba katika nchi za juu zenye baridi. Akastaajabu. Urithi uletao maradhi mabaya ungepasa kupungua kila mahali. Mbona huku ni mwingi? Akakumbuka kwamba pwani na ziwani ndiko kwenye mbu na malaria. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mtu mwenye urithi wa upande mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Kisha mwaka 1956 alitoa hesabu ya watu wa Musoma, katika mkoa ambao leo ndio wetu wa Mara. Aliwapima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Hesabu ni hii:

Watoto wachanga: wasio na urithi wa mundu 189, wenye urithi wa upande mmoja 89, wenye urithi wa pande mbili 9.

Watu wazima: wasio na urithi wa mundu 400, wenye urithi wa upande mmoja 249, wenye urithi wa pande mbili 5.

Chukueni kalamu mfanye hesabu. Katika kila watoto wachanga 100, wenye urithi wa pande mbili walikuwa 3. Katika watu wazima 100, hawakufika hata 1. Wasio nao kabisa walikuwa 66 kwa watoto, na 61 kwa wazima. Lakini wenye urithi wa upande mmoja walikuwa 31 kwa watoto, nao kwa wazima walikuwa 38.

Je, katika kukua kwao watu wengine waliingiwa na urithi huo? La, mtu huzaliwa nao. Sehemu yao iliongezeka kwa sababu wengine walipungua. Wenye urithi wa pande mbili walikufa wadogo kwa selimundu. Wasio nao walikufa zaidi kwa malaria. Wa katikati walipenya. Chekeche ilikuwa ikitikiswa, na matundu yake yalikuwa maradhi mawili. Nyuma ya kila tarakimu iliyopungua palikuwa na mama aliyelia, wala hapakuwa na mtu aliyechagua.

Tena tazameni jambo lingine. Urithi ule ule wa upande mmoja, unaomfaa mtu wa ziwani, haumfai kitu akaaye mlimani pasipo mbu. Sifa haiwi njema au mbaya yenyewe tu. Hufaa au haifai kwa mahali na wakati.

7. Dawa na vijidudu

Vijidudu vya malaria navyo vina uchaguzi wao. Kwa miaka mingi watu walitibiwa kwa klorokwini, dawa chungu ambayo wazee wenu waikumbuka vizuri. Lakini miongoni mwa vijidudu walikuwako wachache wenye tofauti iliyowawezesha kustahimili dawa hiyo. Wenzao walikufa, hao wakabaki, wakazaa. Mwishowe klorokwini ilishindwa, na mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Dawa iliyoshika nafasi yake nayo iliondolewa katika nafasi hiyo mwaka 2006, ikaja dawa mseto.

Watu husema, "Vijidudu vimezoea dawa." Msemo huu waeleweka, lakini haufafanui. Kijidudu kimoja hakikukaa kikajifunza. Dawa ilifanya kazi ya ungo: iliondoa walio dhaifu mbele yake, ikawaacha wasioidhurika. Ndiyo sababu mganga akuambiapo umeze dawa yote mpaka mwisho, usiiache nusu kwa kuwa homa imeshuka. Dawa iliyomezwa nusu ni chekeche inayowaachia wagumu kupona na kuzaa.

8. Makosa matatu

Sasa twaweza kuonyana juu ya makosa matatu ambayo neno hili huwaingiza watu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba palipo na uchaguzi pana mtu aliyekusudia. Mtoto akizaliwa na selimundu, wako watu wanaomtafuta mwenye kulaumiwa: mama, jirani, au ukoo mzima. Hakuna aliyemchagulia mtoto yule maradhi. Wazazi wote wawili walimpa urithi waliokuwa nao, na pengine wao wenyewe hawakuujua. Leo damu hupimwa hospitali, na zipo dawa za kupunguza mateso ya mgonjwa. Apelekwe huko, wala asifichwe.

Kosa la pili ni kudhani kwamba afaaye maana yake ni mwenye nguvu au mwenye heshima. Tumeona sivyo. Afaaye ni yule aliyepita katika chekeche ile, mahali pale, wakati ule. Chekeche ikibadilika, afaaye naye hubadilika.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kuyageuza mambo ya asili kuwa sheria ya watu. Katika Ujerumani, kuanzia mwaka 1933, serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwakata uzazi kwa nguvu watu iliodai kuwa urithi wao haufai. Baadaye ikawaua wagonjwa na walemavu kwa maelfu. Walisema wanaifuata asili. Lakini asili haikuwaamuru kitu, kwa kuwa asili si mtu wa kuamuru. Wao ndio waliochagua; walikuwa na macho, walikuwa na kusudi, nao walipaswa kujibu kwa matendo yao. Upepo haulaumiwi kwa makapi, mtu hulaumiwa.

Hiyo ndiyo tofauti tuliyoitafuta tangu mwanzo. Palipo na uchaguzi wa asili, tuulize: sababu ni nini? Palipo na uchaguzi wa watu, tuulize zaidi: mchaguzi ni nani, ametumia kipimo gani, na kipimo hicho ni cha haki?

Na kwa neno hilo narudi kwenye ile orodha ya kidato cha kwanza. Mtihani ni chekeche iliyofanywa na watu, na matundu yake hupima jambo moja: masomo uliyoyajibu siku ile. Jina lako likiwamo, shukuru, ufanye bidii, wala usimdharau mwenzako. Lisipokuwamo, huzuni ni haki yako, lakini usiseme, "Mimi sifai." Chekeche ya unga haijui utamu wa unga. Haikupima kama wewe ni mwaminifu, kama waijua mifugo, kama mikono yako ina ufundi. Hayo yatapimwa pengine na siku nyingine. Na mengine utayachagua wewe mwenyewe, kwa kuwa una macho na kusudi, kama bibi yule shambani.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kuteua, kuchambua, kupepeta na kuchekecha. Toa mfano wa kila neno kutoka nyumbani kwenu.
2. Taja mambo matatu yanayobadili kizazi kijacho. Yaonyeshe katika ulezi, katika nyumbu, na katika vijidudu vya malaria.
3. Kwa nini Wallace hakulipenda jina alilolitumia Darwin?
4. Katika hesabu ya Musoma, sehemu ya wenye urithi wa upande mmoja iliongezekaje pasipo mtu kuupata urithi huo baada ya kuzaliwa?
5. Mtu akisema, "Asili imemkataa mtoto huyu," utamjibu nini?
6. Muulize mzee wa kwenu jinsi anavyochagua mbegu au fahali. Andika mambo anayoyatazama, kisha eleza kwa nini huyatazama hayo.